Picha za Ndondi na Amana ya Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio, macho na nyoyo, kisha akatujuulisha kuwa kwa vyote hivyo tutaulizwa. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeufuata uwongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Katika darsa yetu hapa Isiolo limeletwa swali. Na kwa kuwa jambo lenyewe si la mji mmoja, bali lawahusu ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kila penye simu na kijana, tumeona jawabu liandikwe ili lisomwe na wote.

Swali ni hili: Iko picha ya sinema ya ndondi, ambayo ndani yake mmetiwa uchi na mambo ya chumbani, na juu yake pana alama ya kuwa ni ya watu waliotimia miaka 18. Baadhi ya vijana wameitazama, na walipokanywa walijibu maneno matatu. La kwanza: Hii ni ndondi, na ndondi ni mchezo. La pili: Sisi tumepita miaka 18, na sharia ya nchi yaturuhusu. La tatu: Sisi hatukuwa na khabari ya picha hii mpaka kipande chake kilipozunguka katika simu za wazazi wetu, pamoja na maneno ya kutahadharisha, basi ni nani aliyetufikishia? Je, wajibiwe nini?

Jina la picha hiyo sitalitaja, na msomaji ataifahamu sababu yake kabla hajamaliza kusoma. Sasa na tuyachukue maneno hayo moja baada ya moja.

NENO LA KWANZA: NI MCHEZO TU

Uislamu haukukataza michezo, wala haukuichukia nguvu ya mwili. Wahabeshi walicheza na mikuki yao katika msikiti wa Madina siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) huku akitazama mpaka akatosheka mwenyewe. Khabari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Mbio, kupanda farasi, kulenga shabaha na kuogelea ni mambo ambayo wema waliotangulia waliyafanya na wakayasifu. Kwa hivyo asisimame mtu akasema kuwa kijana wa Kiislamu hana haki ya kucheza. Atakayesema hivyo ameizidishia dini jambo lisilokuwamo.

Walakini ndondi ina jambo lake peke yake. Shabaha yake ni uso na kichwa cha mwanadamu, na ushindi wake mkubwa ni mwenzio kuanguka hana fahamu. Mtume (S.A.W.) amekataza kuupiga uso hata katika ugomvi wa kweli, na Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Basi ikiwa uso umekatazwa kupigwa na mtu aliyeghadhibika, utakuwaje halali kupigwa na mtu asiye na ghadhabu, kwa ujira, na huku watu wapiga makofi? Kwa ajili hii Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka katika kikao chake cha 10, mwezi wa Safar 1408, yaani Oktoba 1987, liliamua kuwa ndondi kama ichezwavyo ulingoni hivi leo ni haramu, kwani msingi wake ni kumdhuru mtu mwilini mwake.

Madhara hayo tumeyaona kwa watu wetu wenyewe. Robert Wangila aliipatia Kenya nishani ya dhahabu ya ndondi katika michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na nchi nzima ikafurahi. Mwezi wa Julai 1994 alipigana na David Gonzales mjini Las Vegas. Mwamuzi alilisimamisha pigano, na Wangila akalalamika kwamba alikuwa bado ana nguvu. Baadaye akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili akafa. Tazama basi: mtu asimama kwa miguu yake, asema kwa ulimi wake kuwa hana neno, na mauti yamekwisha kumwingia kichwani. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratil Baqara, aya ya 195, tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu.

Na akisema mtu: Je, Muhammad Ali? Twajibu kuwa twampenda na twamuombea rehema. Lakini lililomtukuza mbele ya Waislamu ni kuwa mwaka 1967 alikataa kwenda vitani Vietnam, akanyang'anywa ubingwa wake, akazuiliwa ulingoni zaidi ya miaka 3, asiibadilishe kauli yake. Huo ndio ubingwa wake. Ama mkono uliotetemeka alipouwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, kila mtu aliuona, na mwenye akili aliufikiri.

Hii ndiyo hukumu ya ndondi kabla haijatiwa uchi. Sasa na tuitazame picha.

Wasemao kuwa picha ya ndondi ni mchezo tu hawakuitazama tarikhi yake. Tarehe 17 Machi 1897, katika mji wa Carson City, Nevada, huko Marekani, walipigana James Corbett na Bob Fitzsimmons, na pigano lao likachukuliwa picha iliyozidi muda wa saa moja na nusu. Wakati huo hapakuwa na picha ndefu kama hiyo duniani. Katika majimbo mengi ya Marekani kupigana ndondi kwa fedha kulikuwa kumekatazwa na sharia, lakini picha ya pigano haikukatazwa. Basi lililozuiliwa mlangoni likaingia kwa dirishani. Na jambo lililowashangaza watu wa zama zile ni kuwa wanawake wengi wa majumba ya heshima, ambao wasingethubutu kukaa kando ya ulingo mbele za watu, waliingia katika kumbi za sinema kuwatazama wanaume wawili waliovua nguo zao, vifua wazi.

Hapo, ndugu yangu, ndipo penye siri yote. Mtu akaaye kando ya ulingo aona na huku aonekana. Mtu akaaye katika ukumbi wa giza aona wala haonekani. Picha haikuanza kwa kuondoa nguo za mchezaji. Ilianza kwa kuondoa haya ya mtazamaji. Na haya ikisha kuondoka, kuondoka kwa nguo ni jambo la siku tu. Wafanya biashara waliona kuwa ulingo una vitu viwili pamoja: mwili uliovuliwa na damu iliyochemka. Mwenye kutaka kuuza uchi akapata pazia la kulitundika mbele ya duka lake, akaliita mchezo.

Tena wasahauliwa watu wengine katika jambo hili, nao ni hao waonekanao ndani ya picha. Yule mwanamke aliyesimamishwa uchi chini ya taa, kati ya kamba za ulingo, ana mama na baba, na alizaliwa na heshima ile ile ambayo Mwenyezi Mungu amewapa wanadamu wote katika Suratil Israa, aya ya 70. Kijana asemaye kuwa atazama tu wala hamdhuru mtu, na ajiulize: lau angekuwa ni dada yangu, ningesema ni mchezo?

NENO LA PILI: TUMEPITA MIAKA 18

Kenya ina sharia ya filamu na michezo ya kuigiza, Sura ya 222, na iko Bodi iliyopewa kazi ya kuzitazama picha na kuzipanga kwa umri. Alama ya 18 yasema kuwa mtoto asionyeshwe picha hii. Haisemi kuwa mtu mzima atapata kheri kwa kuitazama. Chupa ya sumu nayo huandikwa kuwa iwekwe mbali na watoto, wala hatujapata kumwona mzee mwenye akili akainywa kwa kuwa yeye si mtoto.

Na katika dini yetu jambo hili limegeuka kabisa. Mtoto ndiye aliyeondolewa kalamu mpaka abalighi. Aliyekwisha balighi ndiye aandikiwaye. Kwa hivyo umri ule unaoushika kuwa ni ruhusa mbele ya watu ndio uliokufanya uhesabiwe mbele ya Mola wako. Sharia ya nchi imekuachilia utembee peke yako. Hapo ndipo Malaika wawili walipo pamoja nawe. Katika Suratin Nur, aya ya 30, waumini wanaume wameamrishwa wayainamishe macho yao na wazihifadhi tupu zao, na katika aya ya 31 wakaamrishwa hivyo hivyo wanawake. Kuinamisha macho kumetajwa kabla ya kuhifadhi tupu, kwani jicho ndilo mjumbe, na mjumbe akikaribishwa, aliyemtuma hakai mbali.

Tena hukumu za serikali hubadilika kwa maslaha na kwa wakati. Zanzibar ilipiga ndondi marufuku mwaka 1964, na mwaka 2022 marufuku hiyo ikaondolewa. Je, uso wa mwanadamu ulikuwa na heshima kwa miaka 58, kisha heshima hiyo ikaondoka? Hasha. Waislamu twaheshimu sharia za nchi, lakini hatuigeuzi ruhusa ya hakimu kuwa ni radhi ya Mungu.

NENO LA TATU: NANI ALIYETUFIKISHIA?

Hili ndilo zito kuliko yote, na maneno haya ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Kwani katika neno la kwanza na la pili vijana wamekosea, lakini katika hili wamesema kweli, na ukweli haupungui kwa kusemwa na mdogo.

Wazee wa Isiolo wakikumbuka kizuizi kilichokuwa barabarani hapa mjini. Enzi ya Waingereza mtu hakuweza kupita kwenda Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini illa awe na kibali. Gari lilisimamishwa, mtu akaulizwa atokako na aendako. Leo kinachokuja kutuharibia watoto hakipiti barabarani wala hakisimamishwi na askari. Chalala chini ya mto wa kitanda, ndani ya simu. Na katika jambo hili lililotokea, aliyekifungulia njia si mfanya biashara wa mbali. Ni baba mtu, mama mtu, na jirani mwema, kila mmoja akimpelekea mwenzake katika kundi la WhatsApp na kuandika: tazameni uchafu huu, tahadharini.

Uovu, ndugu zangu, huenda kwa miguu miwili. Mguu mmoja ni matamanio ya ajifichaye. Mguu wa pili ni ghadhabu ya apigaye kelele. Nasi twazoea kuukata mguu wa kwanza, tukauacha wa pili ukaenda nao mji mzima.

Tarikhi yatupa ushahidi. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Jack Johnson, mtu mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia, alimshinda James Jeffries, mzungu. Picha ya pigano hilo ilikatazwa katika miji mingi ya Marekani, na katika Afrika ya Kusini kadhalika, na mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sharia ya kukataza picha za ndondi zisichukuliwe kutoka jimbo moja hadi jingine. Sharia hiyo ilikaa mpaka mwaka 1940. Walitaja adabu na amani, lakini watu walijua kilichowaudhi: hawakutaka mtu mweusi aonekane akimwangusha mzungu. Picha ya mwaka 1897, ya wazungu wawili, haikuwapatia hofu hiyo. Hapa tuna funzo kubwa sisi wenye kukataza maovu. Kila mkatazaji na aiulize nafsi yake: je, nakataza kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au kwa ajili ya jina la ukoo wangu na sifa ya mtaa wangu? Kwani kijana hulijua hilo mara moja, na akilijua hasikii tena.

Na hapa kwetu Kenya, mwezi wa Januari 2014 Bodi iliipiga marufuku picha ya The Wolf of Wall Street, na mwezi wa Februari 2015 ikaipiga marufuku Fifty Shades of Grey. Mwaka 2018 iliipiga marufuku picha ya Rafiki. Mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7, na watu wakamiminika katika sinema za Nairobi. Siwalaumu wenye kazi ya kuzuia, kwani kuzuia kuna mahali pake, na mtoto ana haki ya kulindwa. Nasema tu kuwa mlango uliofungwa kwa kishindo huwaita wapita njia, na nyumba isiyo na malezi ndani haifai kitu kwa kufuli lake.

Mwenyezi Mungu amewaonya kwa adhabu chungu, katika Suratin Nur, aya ya 19, wale wapendao machafu yaenee kati ya walioamini. Utasema: Mimi sipendi yaenee, nayachukia. Nami nitakuuliza: Kabla hujaipeleka picha ile, uliitazama kwa muda gani? Na wale mia uliowapelekea, wangapi miongoni mwao hawakuwa na khabari nayo? Na katika nyumba zao, simu ya nani haishikwi na mtoto? Moto hauangalii nia ya aliyeutupa majanini.

Na tumefundishwa katika Hadithi ya Bukhari na Muslim kuwa umma wote utasamehewa isipokuwa wale wadhihirishao maasi, na miongoni mwao ni mtu afanyaye jambo usiku, Mola wake akamsitiri, kisha asubuhi akalifunua mwenyewe. Ikiwa mtu kulifunua kosa lake mwenyewe ni vibaya hivyo, itakuwaje kulifunua la mwenziwe, kwa picha, mbele ya watu mia? Katika khabari hii vijana wawili wametajwa kwa majina barazani, na kule kutajwa hakukuwaongoa. Kumewafanya wasije tena msikitini. Tumewapoteza mara mbili, na mara ya pili hawakupotezwa na sinema.

NASAHA

Kwako wewe kijana: Usingoje mpaka usafike ndipo urudi. Rudi hivyo ulivyo. Sayyidna Ali (R.A.) alifundishwa na Mtume (S.A.W.) asifuatishe mtazamo kwa mtazamo, kwani wa kwanza ni wake na wa pili si wake. Basi picha ikikujia ghafla, ifunge; hapo huna lawama. Ukirudi kuifungua, umechagua. Simu usiingie nayo kitandani, iache sebuleni, na usiku wa kwanza utauona ni mzito kuliko usiku wa kumi.

Kwako wewe mzazi: Kinachokujia cha uchafu, kifute, wala usikipeleke kwa yeyote, hata kwa shekhe. Ukitaka kutahadharisha, sema kwa maneno, bila ya picha wala jina. Na mwanao ukimkuta ametazama, kaa naye faragha, umwambie kwa sauti ya chini kwa nini jambo hili lavunja moyo wa mume atakayekuwa na mke atakayemwoa. Ukimpigia kelele barazani umemfundisha jambo moja tu, nalo ni kujificha vizuri zaidi.

Kwako wewe mwenye chumba cha video: Pesa za kiingilio cha picha hizo si riziki, hata zikihesabiwa kwa mkono uliotawadha. Riziki ya halali iko, ijapokuwa ndogo. Na usiweke bango la ndondi mlangoni huku ndani pana jambo jingine.

Kwetu sisi walimu na wazee wa mji: Tumewakataza vijana mambo mengi, je, tumewapa nini? Kijana ana nguvu, na nguvu isiyopewa kazi hujitafutia. Tuwape viwanja vya mpira, mashindano ya mbio, mieleka yenye adabu isiyopiga uso. Tukae nao baada ya Alasiri, si kuwahesabu makosa, bali kuwajua majina. Darsa isiyo na nafasi ya swali la aibu itawapeleka watoto wetu kuuliza kwengine, na huko watajibiwa na mfanya biashara.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule aizuiaye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Na matamanio ni ndugu wa ghadhabu. Aishindaye nafsi yake mbele ya kioo cha simu, usiku, hali hapana amuonaye illa Mungu, huyo ni bingwa ambaye hakuna ulingo uliopata kumvika mkanda wake. Na mzee azuiaye kidole chake kisipeleke mbele picha chafu, ijapokuwa ghadhabu yamsukuma, naye ni bingwa pamoja naye.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie macho yetu na macho ya watoto wetu. Tusitiri aibu zetu, na utujaalie tuwasitiri wenzetu. Warudishe vijana wetu misikitini wakiwa wamependwa, si wakiwa wamefukuzwa. Ipe miji yetu wazee wenye hekima na vijana wenye haya. Amin.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.